Kabla ya Photoshop kulikuwa na brashi: kazi ya usanifu ilivyofika Kapseret

Vijana wanaotaka kuishi kwa kazi ya kusanifu tovuti na michoro huwa na swali moja: nianze na programu gani? Leo sianzi na programu. Twende kwanza Kapseret, kusini mwa Eldoret, penye uwanja wa ndege upande mmoja na mitaa iliyobanana ya Langas upande mwingine, tuone kazi hii ilipitia wapi hadi kufika huko.

Kabla ya kompyuta, msanifu wa michoro alikuwa mchoraji wa mabango. Alikuwa na brashi, makopo ya rangi na uzi wa kupigia mstari. Kuta za maduka, milango ya vinyozi, ubavu wa matatu, yote yalipita mikononi mwake. Alijua herufi ipi inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara na ipi haisomeki.

Kwa kiwango kikubwa zaidi kulikuwa na Rivatex, kiwanda cha nguo kilichoanzishwa Eldoret mwaka 1976. Hebu fikiria uchapaji wa vitambaa ulivyo. Mchoro wa rangi nne hutenganishwa, kila rangi na skrini yake, kisha zote zinapigwa juu ya kitambaa kimoja na lazima zikutane barabara. Mtu wa kompyuta anaona mara moja: hizo ni tabaka! Photoshop yenyewe ilitoka 1990, na haikuwa na tabaka hadi toleo la 3, mwaka 1994. Rivatex ilianguka mwishoni mwa miaka ya 1990, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007.

Kompyuta zilipoingia kwenye usanifu, zilianza na wachapishaji. PageMaker ilitoka 1985, CorelDRAW 1989. Kadi ya harusi au bango la mgombea huhitaji umeme, printa na jicho zuri, basi. Hakuna laini ya simu inayohitajika. Kwa hiyo kijana wa Eldoret angeweza kujifunza kazi ile ile aliyojifunza kijana wa London, japo kwa kuchelewa.

Wavuti ilikuwa mambo mengine kabisa. Ukurasa lazima upandishwe kwenye mashine iliyo mbali, na hapo ndipo palipokuwa na kizuizi. Jina la .ke lilisajiliwa 1993, lakini shirika la Kenya la kulisimamia, KENIC, lilikabidhiwa kazi hiyo mwishoni mwa 2002. Kuanzia 1998 njia ya kutoka nje ya nchi ilikuwa Jambonet, mali ya shirika la simu la serikali, na ukiritimba huo uliendelea hadi 2004. Barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda jirani yake ilipitia setilaiti hadi ng'ambo na kurudi! Wahandisi walipofungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, mwaka 2000, Telkom ikalalamika na kituo kikafungwa baada ya majuma machache. Kilifunguliwa tena 2002.

Hesabu ndogo: kwa modemu ya kilobiti 33.6 kwa sekunde, picha ya kilobaiti 100 huchukua kama sekunde 24, ikiwa laini haikukatika. Na saiba ilikuwa ikikutoza kwa dakika. Ndiyo maana wanafunzi wa enzi hizo waliandika HTML kwenye Notepad bila mtandao, wakabeba faili kwa diski ya megabaiti 1.44, wakaenda saiba kupandisha tu. (Wengi wao bado huandika kurasa nyepesi kuliko wengi wetu.)

Kisha ikaja Januari 2008. Eldoret na viunga vyake viliumia vibaya katika ghasia za baada ya uchaguzi. Juliana Rotich alikuwa Eldoret siku zile. Ory Okolloh, aliyekuwa amerudi Afrika Kusini, alipendekeza ramani ya matukio kwenye wavuti. David Kobia, Mkenya aliyeishi Alabama, pamoja na Erik Hersman, wakaijenga kwa siku chache. Ndiyo Ushahidi. Tazama mgawanyo wake: taarifa zilitoka Kenya, nyingine kwa SMS ya simu ya kawaida, lakini msimbo uliandikwa Marekani. Vipaji vilikuwepo pande zote mbili. Laini nzuri ilikuwa upande mmoja.

Nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa 2009, TEAMS na SEACOM, EASSy ikafuata 2010. Kizuizi kile kikapungua. Lakini mlango uliomfungulia kijana wa Langas kumfikia mteja wa Toronto ndio huo huo ulioleta washindani wa dunia nzima hadi Langas, na tangu 2013 mteja mwenyewe anaweza kujitengenezea bango kwa Canva.

Sasa lile swali la programu. Flash ilikuwa ndiyo kila kitu miaka ya 2000. Adobe waliizima rasmi mwisho wa 2020. Aliyejua Flash peke yake alianza upya. Aliyejua herufi, nafasi na rangi alibadilisha chombo tu. Mimi ningeanza na kalamu na karatasi, kisha HTML na CSS kwa mkono, halafu chochote kilichopo kwenye mashine yako, hata Inkscape ya bure.

Na kazi ya kwanza usiitafute mbali. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Pita mjini uhesabu mabango ya biashara yanayosomeka ukiwa ndani ya matatu inayokwenda, kisha ingia ulizia ni wangapi wenye tovuti.