Nani Amemuua? Habari za Ulozi Katika Nchi za Ziwa Letu



Kila mtu anayekaa kando ya ziwa letu, hapa Zongwe, au Mpala, au mjini Kalemie, amekwisha kulisikia swali moja. Mtoto alilala na homa, asubuhi amekufa. Maiti haijaoshwa bado, akina mama wanalia, na mtu mmoja aliyeketi mkekani anamwinamia jirani yake na kumnong'oneza: Nani amemuua? Haulizi ni ugonjwa gani. Anauliza nani.

Sisi makatekista huulizwa mara nyingi: Kwa nini watu waliobatizwa, wenye rozari shingoni, wanakwenda usiku kwa waaguzi? Kwa nini mvuvi anayefanya ishara ya msalaba kabla ya kusukuma mtumbwi ananunua pia dawa ya wavu? Kwa nini mama anafunga hirizi kiunoni mwa mtoto aliyebatizwa Jumapili? Wengine wanajibu upesi: Ni ujinga. Wengine: Ni Shetani. Kwamba Shetani ana kazi yake humo, hatubishi. Lakini tukifuata habari za nchi zetu tunaona kwamba walio wengi hawaendi huko kwa kupenda ubaya. Wanakwenda kwa sababu msiba umewauliza swali, nao hawakupata mtu wa kuketi nao na kulisikiliza, isipokuwa mwaguzi.

Kikombe cha mwavi

Zamani za mababu swali hilo lilikuwa na hukumu yake. Watabwa na majirani zao walitumia mwavi, sumu ya ganda la mti. Aliyeshitakiwa kuwa mlozi alikunywa mbele ya watu. Akitapika, hana kosa, nao waliomsingizia walipaswa kumlipa. Akifa, watu walisema: Tumempata.

Tusiwacheke wazee wetu. Mwavi uliwapa kitu walichokihitaji sana: ulimaliza maneno. Aliyetapika alirudi nyumbani kwake na jina safi. Lakini fikirini ni watu wangapi wasio na kosa waliokufa kwa sababu sumu iliwazidi nguvu. Waliodhani kwamba wanahukumu moyo walikuwa wanapima tumbo tu.

Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikipokea kituo cha Mpala, ambacho Mbelgiji Storms alikuwa amekijenga mwaka 1883. Wao, na serikali baada yao, waliukataza mwavi, na walifanya vema. Imani ikaota mizizi. Mwaka 1917, kule Baudouinville, panapoitwa leo Kirungu katika nchi ya Moba, Stefano Kaoze, mwana wa nchi hizi, alipewa daraja takatifu la upadri, naye ndiye Mkongo wa kwanza kulipata katika nyakati hizi mpya. Furaha ilikuwa kubwa. Hata hivyo katazo lile liliondoa kikombe, halikuliondoa swali. Tena katika makoloni mengi sheria ilimwadhibu mtu aliyemwita mwenziwe mlozi. Basi watu wakanung'unika: Wazungu wanawalinda walozi! Hofu haikwisha, ilijificha, ikangojea mwingine wa kuijibu. Nao hawakukawia.

Mwana Lesa na wenye vioo

Mwaka 1925 alitokea mtu kutoka nchi ya Nyasa, ambayo leo ni Malawi, jina lake Tomo Nyirenda. Alihubiri mafundisho ya Watch Tower, yale yaliyozaa Kitawala huku kwetu, akajiita Mwana Lesa, maana yake Mwana wa Mungu. Aliwabatiza watu mtoni kwa kuwazamisha, na wale ambao hawakuzama vizuri aliwatangaza kuwa walozi, wakauawa. Aliua makumi ya watu katika Rodezia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Halafu akavuka mpaka akaingia Katanga, na huko waliokufa walipita mia. Alikamatwa, akanyongwa mwaka 1926. Sisi tunaobatiza tusisome habari hii haraka. Maji ya ubatizo, yaliyowekwa yampe mtu uzima, aliyageuza kuwa mwavi mpya. Na watu walimfuata, maana aliahidi kuwaondolea hofu.

Miaka michache baadaye walikuja Wamucapi. Walikuwa vijana waliovaa nguo za Kizungu, wametoka nchi ile ile ya Nyasa, na katika miaka ya 1932 hadi 1934 walienea upesi sana katika Rodezia na nchi za jirani. Jina lao latoka katika neno la kuosha. Wakifika kijijini, waliwapanga watu kwa mstari, wakawatazama mmoja mmoja katika kioo kidogo. Aliyeonekana kuwa mlozi aliamriwa alete pembe zake za dawa. Kisha wote walikunywa dawa nyekundu yenye povu, wakaambiwa kwamba atakayerudia ulozi atavimba na kufa. Hawakuua kama Mwana Lesa. Watu wengi waliwapokea kwa shangwe, na wakristu wakiwemo.

Pembe zilizotupwa zilirundikwa kando ya njia, na kila aliyepita alisema: Tazama, kumbe walozi walikuwa wengi namna hii! Mama mmoja Mwingereza, Audrey Richards, mtaalamu wa mila aliyekaa na Wabemba miaka ile, alizichungua pembe 135 za namna hiyo. Aliona kwamba 11 tu zilitengenezwa bila shaka kwa kuwadhuru watu. Zote nyingine zilikuwa dawa za kawaida, za kujikinga, za kutibu na kutafuta bahati. Maana yake nini? Rundo lile lililowatisha watu lilikuwa rundo la hofu yao wenyewe. Kila mmoja alikuwa ameficha dawa kwa kumwogopa jirani, na jirani, alipoiona, akaogopa zaidi, akatafuta ya kwake.

Tena tutazame ng'ambo ya ziwa, kwa ndugu zetu Wafipa, Wakatoliki wengi tangu Mapadri Weupe walipofika Karema mwaka 1885. Waosha-ulozi walipita Ufipa mwaka 1933 na 1934. Wakarudi mwaka 1943 na 1944. Wakarudi mwaka 1954. Wakarudi tena mwaka 1963 na 1964, safari hiyo wakiitwa Kamcape. Kila miaka kumi, kwa makadirio, vijiji vilioshwa. Sasa tunawauliza ninyi: Nguo iliyooshwa ikawa safi kweli, kwa nini irudishwe kwa mwoshaji yule yule? Dawa ile ilitoa furaha ya miezi michache. Watoto wakafa tena, kama watoto walivyokufa siku zote kwa malaria na surua, na swali likarudi matangani. Lakini safari hii lilirudi likiwa kali zaidi, maana sasa watu walisema: Yupo aliyekunywa dawa, na bado anatuua!

Ulaya nako

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya watu weusi. Tangu mwaka 1450 hivi mpaka 1750 hivi, Wazungu waliua watu wapatao 40,000 hadi 60,000 kwa kosa la ulozi, wengi wao wanawake. Na tusifiche kwamba watu wa Kanisa walishiriki. Mwaka 1484 Papa Inosenti wa Nane aliwapa nguvu wapelelezi wa walozi kwa barua yake. Lakini ni mtu wa Kanisa pia aliyesimama kupinga: Padri Friedrich Spee, Mjesuiti wa Ujerumani. Mwaka 1631 alitoa kitabu bila kutia jina lake, akaonyesha kwamba mateso ndiyo yanayotengeneza walozi. Mtu akiteswa sana atakiri lolote, na atataja majina ya wenziwe, nao wakiteswa watataja mengine. Padri Spee alikufa mwaka 1635 huko Trier, akiwauguza askari wenye tauni.

Leo, huko Ulaya na Marekani, wako watu wanaojiita wachawi bila aibu. Dini yao inaitwa Wicca. Aliyeitangaza ni Mwingereza Gerald Gardner, aliyekuwa mtumishi wa forodha huko Malaya. Sheria ya zamani ya uchawi ilifutwa Uingereza mwaka 1951, naye akatoa kitabu chake mwaka 1954. Hao si walozi wa matangani kwetu. Hawadai kula watu. Wengi wanavutwa na ibada za mwezi na majira ya mwaka, au na kumwita mungu kwa jina la kike, au wanakimbia upweke wa miji mikubwa. Sisi hatuwezi kuifuata njia yao, maana Kanisa linakataza uaguzi na uganga wa siri wa kila namna, hata ule unaosemwa kwamba ni wa kuponya. Lakini tunatambua njaa yao. Mtu anayekwenda huko, kama mvuvi wetu mwenye dawa ya wavu, anataka awe na kitu mkononi mbele ya maisha asiyoweza kuyatawala.

Ghala na mnara

Mwingereza mwingine, Evans-Pritchard, alikaa na Wazande, kabila lililoko kaskazini ya Kongo yetu na katika Sudani ya Kusini, akaandika kitabu juu yao mwaka 1937. Baadaye, mwaka 1944, alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Alieleza habari ya ghala la nafaka. Ghala linaanguka juu ya watu waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kingine: Kwa nini liliwaangukia hawa, na saa ile?

Ndugu, swali hilo limo katika Injili. Kule Siloamu mnara uliwaangukia watu 18, nao wakafa. Bwana Yezu alikataa kabisa kusema kwamba hao walikuwa wabaya kupita wengine. Na wafuasi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, Bwana hakutaja jina. Alimkaribia yule kipofu, akampaka udongo machoni, akamponya. Mwaguzi hutoa jina akapokea fedha. Bwana alikataa kutoa jina, akaukaribia msiba.

Kosa letu

Hapa inatupasa tuungame. Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja tunachokihudumia, nyumba moja ilifiwa na watoto wawili kwa juma moja. Ilikuwa kuhara na kutapika, kipindupindu, ugonjwa unaojulikana sana katika pwani hii ambako watu wanachota maji ya kunywa ziwani. Sisi tulifika siku ya maziko. Tukaongoza sala, tukasema: Ni mapenzi ya Mungu, tukapanda baisikeli tukarudi. Usiku wa tatu ukoo ulikwenda kwa mwaguzi. Wakarudi na jina la mjane mzee, jirani yao, aliyekuwa akiwapa watoto wale ndakala za kukaanga. Paa la nyumba yake likachomwa, naye akakimbilia kwa binti yake, mbali. Hajarudi hata leo. Tulipokwenda kuwakemea wafiwa, baba wa watoto alitujibu neno moja: Katekista, usiku ule ulikuwa wapi?

Hatukuwa na jibu. Kusema mapenzi ya Mungu na kuondoka ni kuliacha swali mlangoni, ili mwingine aliokote.

Basi tufanyeje? Kwanza, tukae. Jumuiya isiwaache wafiwa siku ya maziko, bali ilale nao mpaka matanga yaishe, na mtu akianza kunong'ona jina, mmoja wetu aseme kwa sauti: Jina halitajwi hapa. Pili, mgonjwa apelekwe dispensari upesi, na maji ya kunywa yachemshwe. Maana kila mtoto anayepona ni swali moja lisiloulizwa. Tatu, tuwalinde wanaosingiziwa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu mwenye kosa hilo kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Wazazi wengi hawaijui. Tuwasomee. Na mjane mzee asiye na mtoto karibu, huyo tumtembelee kabla ya msiba, ili kijiji kijue kwamba ana watu.

Mtoto wa jirani akifa kesho, swali litaulizwa tena. Tuwe tumekwisha kuketi mkekani.

Bikira Maria, Mama wa Mateso, aliyesimama chini ya msalaba wa Mwanae, atuombee tusiwakimbie wenye kulia.