Nani Ana Jina? Sanaa, Rangi na Jinsia Chini ya Mlima Meru

Mjadala wa maadili katika sanaa hukwama mara nyingi kwenye swali moja: je, kazi hii inatudhalilisha? Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu kazi inaweza kutusifu na bado ikatunyima haki. Kipimo kizito zaidi ni kuuliza nani ana jina na kauli ndani yake, na nani amegeuzwa pambo.

Chukua filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962. Ilipigwa picha Tanganyika, nchi hiyo ikielekea uhuru, na Momella, kaskazini mashariki mwa Mlima Meru, ni miongoni mwa mahali ilipopigwa. Dallas, mpiga picha aliyeigizwa na Elsa Martinelli, anatiliwa shaka na wanaume wa kambi ya kukamata wanyamapori. Anapolea watoto wa tembo, Waarusha wanamfanya mtu wao: wanamvisha kijadi, anapakwa rangi mwilini, anaitwa Mama Tembo. Hakuna tusi hapo, ni kichekesho. Lakini mwanamke Mzungu amepata heshima kwa ulezi, si kwa kamera yake, na Waarusha wanaomtunuku hawana hata jina.

Atatokea wa kusema kwamba ndivyo zama zilivyokuwa. Hoja hiyo haisimami. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu takriban Wameru 3,000, majirani wa Waarusha, kutoka Engare Nanyuki, jirani na Momella, ili kuwapisha walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifikisha kilio chao Umoja wa Mataifa. Watu wa mlima huu walikwishasikika duniani. Kuwanyamazisha kwenye filamu ulikuwa uamuzi wa watunzi wake.

Je, sisi tumefanya vizuri zaidi? Upande wa pili wa mlima, Oldonyo Sambu, kwenye barabara ya Namanga, wanaishi Waarusha na Wamasai, na kazi ya shanga ni ya wanawake. Mtungaji hupitisha punje kwenye waya mwembamba, duara nje ya duara, akipanga nyeupe, nyekundu na buluu bila mchoro wowote. Punje moja ikikosewa, mpangilio wote huharibika, naye hufumua. Kazi hiyo ikifika kwenye duka la vinyago mjini Arusha huuzwa kama ya Kimasai tu, hata aliyeitunga akiwa Mwarusha, na kwenye matangazo ya utalii picha inayotangulia ni ya morani. Kabila na mwanamume wamechukua sifa ya mkono wa mwanamke.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi. Ulinzi huo ni muhimu, lakini jamii ikitajwa peke yake msanii hupotea ndani yake. Wenye maduka, makumbusho na watengenezaji filamu waanze na jambo lisilo na gharama kubwa: waandike jina la aliyeifanya kazi, na bei aliyolipwa.