Miaka 50 ya Mafuta Ilivyohesabiwa

Wanafunzi wangu huniuliza mafuta ya dunia yamebaki ya miaka mingapi. Hesabu ni nyepesi: akiba iliyothibitishwa hugawanywa kwa uzalishaji wa mwaka. Kwa takwimu za 2020, jibu ni zaidi kidogo ya miaka 50. Mimi huwarudisha 1985. Mwaka ule Kuwait ilipandisha akiba yake kutoka mapipa bilioni 64 hadi bilioni 90, pasipo ugunduzi wowote wa kulingana na ongezeko hilo. Ndani ya OPEC, ukubwa wa akiba ulikuwa hoja ya kudai mgawo mkubwa wa uzalishaji. Kufikia 1990, Iran, Iraq, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia nazo zilikuwa zimepandisha zao; sidhani ilikuwa sadfa. Mapipa yale bado yamo ndani ya ile miaka 50.