Msaada kwa Walengwa wa TASAF Wanaofanyiwa Ukatili Nyumbani

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulianza mwaka 2012. Katika mitaa ya Kinondoni na Temeke, kama kwingineko nchini, wapokeaji wengi wa ruzuku hiyo ni akina mama. Ruzuku huhesabiwa kwa kaya. Ndiyo maana mama anayepigwa au kunyang’anywa fedha na mumewe huogopa kusema. Akihama, yeye na watoto watabaki na nini?

TASAF peke yake haiwezi kumlinda dhidi ya mwenzi mkatili. Ulinzi hutoka katika vyombo kadhaa, na wa kuviunganisha ni Afisa Ustawi wa Jamii. Yeye husikiliza shauri, hushughulikia matunzo ya watoto na kumwelekeza mhusika panapostahili. Mama amweleze pia habari ya ruzuku, aulize hatua za kufuata iwapo kaya itagawanyika.

Kwa majeraha na vitisho, lipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hapo hupatikana fomu ya matibabu, PF3. Temeke kuna pia kituo jumuishi cha Mahakama kinachoshughulikia mashauri ya familia, kilichoanza mwaka 2021. Asiyemudu wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nayo Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mwanandoa yeyote haki ya kumpiga mwenzake kwa kumwadhibu.

Kanisa lasemaje? Wapo wanaomrudisha mama nyumbani kwa kumwambia, “Vumilia, huo ndio msalaba wako.” Sheria ya Kanisa haisemi hivyo. Kwa Kanuni ya 1153, mwenzi anayehatarisha vikali roho au mwili wa mwenzake au wa watoto humpa mwenzake sababu halali ya kutengana, kwa amri ya Askofu mahalia; na kama kukawia ni hatari, hata kwa uamuzi wake mwenyewe. Kutengana huko hakuvunji kifungo cha ndoa, wala si dhambi ya kumzuilia Komunyo.

Basi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, kabla ya kuitisha kikao cha usuluhishi, wajiulize: je, mama huyu na watoto watalala salama leo? Kama hapana, wamsindikize kwanza penye ulinzi. Usuluhishi utasubiri.