Plastiki ya nyonga: utelezi ni kitu kimoja, uimara kingine

Mwaka 1946 ndugu wawili wa Paris, Jean na Robert Judet, walianza kuwawekea wagonjwa kichwa cha fupa la paja kilichotengenezwa kwa akriliki. Nafuu ilikuja haraka, ila baadhi ya nyonga hizo zililia kila mwenyewe alipojongea. John Charnley, mpasuaji wa mifupa wa Uingereza, alikuta mgonjwa wa namna hiyo akaamua kwamba mlio ule ni dalili ya msuguano, na kwamba msuguano ndio unaolegeza kiungo. Akatafuta plastiki inayoteleza kuliko zote. Kuhusu msuguano alikuwa na hoja nzuri. Kuhusu uchakavu hakuwa amejiuliza vya kutosha, na swali hilo la pili ndilo linalopaswa kutangulia Kisangani kila nyonga bandia inapotajwa kuwa tiba.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Wrightington, Charnley aliwawekea wagonjwa wapatao 300 vikombe vya Tefloni, plastiki ile ya utelezi, ndani ya tundu la nyonga. Maumivu yakaisha, watu wakatembea. Baada ya miaka miwili mitatu vikombe vikawa vimelika: kichwa cha chuma kilijichimbia njia ndani ya plastiki, na unga uliotoka ukazusha uvimbe mbaya. Ikabidi awapasue tena watu wale wale, na akajidunga plastiki iliyosagwa kwenye paja lake mwenyewe ili aone mwili unavyoipokea. Mwaka 1962 mchuuzi wa gia za plastiki za mitambo ya kufumia nguo alileta hospitalini kipande cha polietilini ya Kijerumani, yenye molekuli ndefu mno. Charnley alikidharau. Fundi wake wa maabara, Harry Craven, akakifunga kwenye mashine ya majaribio hata hivyo, na baada ya wiki tatu za kusuguliwa usiku na mchana kilikuwa hakijalika hata kiasi ambacho Tefloni hulika kwa siku moja. Na polietilini haitelezi kama Tefloni! Novemba mwaka huo ikaanza kuwekwa kwa wagonjwa, na ndiyo mama wa plastiki za nyonga za leo.

Hata hivyo nayo hulika, polepole. Chembe zake, nyingi zikiwa ndogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita, humezwa na seli walinzi zisizoweza kuzisaga. Seli hizo huamsha nyingine zinazokula mfupa, na kiungo hulegea bila kijidudu chochote kuhusika. Kwa miaka mingi lawama iliangukia saruji inayoshikilia kiungo, hadi mashimo yale yale ya mfupa yalipoonekana kwenye viungo visivyo na saruji.

Ulaya hesabu hii ya uchakavu imekuwa nyepesi kwa sababu wagonjwa wengi wa nyonga ni wazee. Lakini Kongo ni nchi ya selimundu, drepanositozi kama wengi wanavyoiita Kisangani, ugonjwa unaoziba mishipa midogo ya damu na kuua kichwa cha fupa la paja mtu akiwa bado kijana. Kijana wa miaka 25 ana hatua nyingi mbele yake kuliko mzee wa 75, na kila hatua ni mkwaruzo. Gololi za baiskeli ya toleka zikiisha, fundi huzibadilisha kando ya barabara. Nyonga iliyolegea inataka upasuaji mgumu kuliko ule wa kwanza, kwenye mfupa uliokwisha kuliwa.

Watasema tatizo hili limekwisha, maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna polietilini ambayo molekuli zake zimeungwa pamoja kwa mionzi, nayo hulika kidogo sana. Ni kweli, na anayeweza kuipata aichukue. Lakini polietilini ya zamani iliyotakaswa kwa miale ya gama penye hewa ilioza taratibu ikiwa bado kwenye pakiti, haijagusa mgonjwa. Mkoa unaopokea vifaa vya msaada hauna budi kusoma aina ya plastiki na tarehe, si kuhesabu makasha tu.

Wengine watauliza kama kijana asiyeweza kutembea aambiwe asubiri azeeke. Hapana. Malawi, nchi isiyo tajiri, ilianzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005, na ripoti zake za mwanzo zilionyesha kwamba sababu kuu ya kubadilisha nyonga kule ilikuwa mfupa uliokufa kwa kukosa damu, si uchakavu wa uzee. Walipasua, wakaandika, wakawaita wagonjwa warudi kupigwa picha. Hilo la mwisho ndilo la lazima, kwa sababu mfupa huliwa kimya kimya: mgonjwa wa Lubunga anaweza kuvuka mto kila siku bila maumivu huku shimo likipanuka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa wewe au mwanao mbadilishiwe nyonga, popote pale, omba karatasi yenye jina la kiungo, aina ya plastiki na tarehe ya upasuaji, uitunze pamoja na kitambulisho chako. Na wakuu wa afya wa mkoa wa Tshopo waanze daftari lao sasa, kabla wagonjwa hawajawa wengi.