Kumbukumbu hujengwa wapi katika ubongo?

Kumbukumbu ni uwezo wa ubongo wa kupokea habari, kuzihifadhi na kuzirejesha zinapohitajika. Mengi yanayofahamika leo kuhusu uwezo huo yalitokana na mgonjwa mmoja, Henry Molaison wa Marekani.

Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, iliyomo ndani ya ubongo, kulia na kushoto. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo alimsahau hata mtu aliyezungumza naye dakika chache zilizopita. Mambo ya utotoni, hata hivyo, aliyakumbuka.

Mtafiti Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo. Siku hadi siku alichora vizuri zaidi, ingawa hakukumbuka kuwahi kufanya zoezi hilo.

Hivyo ilibainika kuwa hipokampasi hujenga kumbukumbu mpya za matukio, za zamani huweza kudumu bila ya kuitegemea, na ustadi wa mikono una njia yake. Molaison alifariki dunia mwaka 2008.