Fahamu: Nani analipia miti ya barabarani Songea, na kiangazi nani anaimwagilia?

Kila mvua zinapoanza Songea, wananchi huhamasishwa kupanda miti nyumbani, shuleni, kwenye vyanzo vya maji na kando ya barabara. Mti wa nyumbani una mwenyewe wa kuutunza. Mti wa barabarani ni wa wote, na matunzo yake yanahitaji fedha za umma. Makala haya yanaeleza fedha hizo hupatikanaje, na ni gharama gani mwananchi anapaswa kuiulizia zaidi.

Fedha zinatoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni mapato ya ndani ya manispaa: ushuru wa masoko na mazao, leseni za biashara, ushuru wa huduma na ada nyingine. Halmashauri hukusanya na kutumia fedha hizo chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya mwaka 1982. Kutoka mfuko huo huo hutengwa asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, pamoja na fedha za madarasa, zahanati na uzoaji taka. Miti hugombania nafasi na mahitaji hayo yote.

Chanzo cha pili ni miradi mikubwa, kama TACTIC, mradi wa miji 45 ikiwemo Songea, unaotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Barabara inapojengwa, upandaji wa miti unaweza kuingizwa kwenye mkataba wa mkandarasi.

Chanzo cha tatu ni michango. Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), taasisi na wafanyabiashara hutoa miche. Msaada huu ni mzuri, lakini mche ndiyo sehemu nafuu ya kazi yenyewe.

Barabara ni ya nani?

Manispaa haiwezi kupanda popote inapotaka. Barabara kuu, kama ya kwenda Njombe au ya kwenda Namtumbo na Tunduru, ziko chini ya TANROADS. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mti uliopandwa humo bila makubaliano unaweza kung'olewa barabara ikipanuliwa. TANESCO nao hukata matawi yanayogusa nyaya, na mizizi ya mti usiofaa hupasua mabomba na mitaro. Kwa hiyo vikao na taasisi hizi vinapaswa kutangulia uchimbaji wa mashimo.

Hesabu ya kiangazi

Serikali imeelekeza kila halmashauri ipande angalau miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1. Kwa Songea tarehe hiyo inahitaji tahadhari. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha Aprili. Mche uliopandwa Desemba unapata mvua kwa takribani miezi minne. Uliopandwa Aprili mosi unapata wiki chache tu, kisha unaingia kiangazi cha miezi sita hivi.

Chukua mfano wa miti 1,000. Kila mti ukipewa ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, ni lita 40,000 kwa wiki, sawa na safari nne za boza la lita 10,000. Kwa wiki 26 ni safari 104. Hapo hujahesabu uzio wa kuzuia mbuzi, palizi, wala posho ya vibarua.

Ugumu mwingine uko kwenye kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha Juni 30, katikati ya kiangazi. Fedha za kupanda Desemba ziko kwenye bajeti moja, lakini maji ya kuanzia Julai hadi Novemba yako kwenye bajeti inayofuata. Kama hayakupangwa mapema, boza halitakuwa na mafuta wakati miche inayahitaji maji zaidi.

Jiji la Freetown, Sierra Leone, lilijaribu njia nyingine. Katika kampeni yake ya miti milioni moja iliyoanza mwaka 2020, wananchi hulipwa kwa kutunza miti, na maendeleo ya kila mti hufuatiliwa kwa programu ya simu. Malipo yanafuata uhai wa mti.

Mwananchi aulize nini?

Mapendekezo ya bajeti huanzia kwenye mitaa na kata, na baraza la madiwani hupitisha rasimu kwa kawaida kati ya Januari na Machi. Huo ndio wakati wa kumuuliza mwenyekiti wa mtaa na diwani wako:

1. Miti iliyopandwa mwaka jana ilikuwa mingapi, na mingapi iko hai leo?
2. Fedha za kumwagilia zimetengwa kwa mwaka huu na mwaka ujao?
3. TARURA au TANROADS wamekubali eneo hilo?
4. Nani amekabidhiwa miti ya mtaa wetu kwa jina na cheo?

Majibu ya maswali hayo manne yakiwa kwenye muhtasari wa kikao, mtaa unakuwa na kitu cha kufuatilia Septemba, jua linapokuwa kali.